Mwanangu Hashiki Jembe

Skola mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza na salamu, kisha madhumuni. Salamu tumeshapeana leo asubuhi, ulinipa shikamoo yangu nikaitikia, na afya yangu unaijua kuliko daktari maana ni wewe unayenichua mgongo. Kwa hiyo huko naruka. Nimekaa kwenye benchi la jikoni. Wewe na Asumta mmekwenda kwa shangazi yako kuaga, mama yako yuko mazoezi ya kwaya, na nyumba imenyamaza mpaka nasikia kuku wakigombea pa kulala.

Kesho lori la kenta la kukuhamisha likija itakuwa kelele tupu: godoro, masufuria, mtoto analia, mama yako anatoa amri. Sitapata pa kuchomeka neno. Na hata nikipata, mdomo wangu unaujua. Ukiuachia unakimbilia utani, ukiubana unakimbilia majivuno. Nimeona bora nishike kalamu, maana kalamu inakwenda polepole na inanipa nafasi ya kuona aibu kabla sijasema.

Habari za chandarua, za maji ya kuchemsha, za ule mlango wa nyuma usiofunga, mama yako amekuhubiria wiki nzima. Sina la kuongeza. Mimi nataka kukuandikia habari ya kesi yako. Najua utasema, "Baba, si imekwisha?" Kwako imekwisha. Mimi bado inanitembelea kila nikikaa peke yangu.

Siku uliporudi kutoka Sanje, na Asumta mgongoni na begi moja, ulisimama pale mlangoni ukasema, "Baba, nimechoka." Sikuuliza zaidi. Nilikuwa nimemwona mumeo, Baba Asumta, akikupigia kelele mbele yangu, nikajua kama hayo yanafanyika mgeni akiwepo, mgeni akiondoka inakuwaje. Lakini nikwambie ukweli, jambo la kwanza lililoniingia kichwani halikuwa wewe. Lilikuwa mahari yao.

Nilimwambia mama yako, "Tuwarudishie mbuzi wao na kila walicholeta, tumchukue mtoto wetu, tusidaiane." Niliona hiyo ndiyo heshima. Sisi tuliotoka upande wa Mahenge tumelelewa hivyo, mzee hagombanii sufuria na mkwewe. Mama yako alikuwa anachambua mchele. Akauliza bila kuinua kichwa, "Na ile nyumba aliyoijenga mwanao, nayo unawarudishia?" Nikamjibu kwamba nyumba hujengwa na wanaume. Akanitazama kidogo, halafu akaendelea kuchambua mchele wake. Nilidhani nimeshinda.

Mtu wa suti unamkumbuka. Yule tuliyemkuta kwenye banda la chai jirani na mahakama, ana mkoba, anaongea Kiingereza kwenye simu, anajiita wakili. Ulininong'oneza, "Baba, muulize kitambulisho." Nikakukemea, eti mtu mzima haulizwi kitambulisho, ni utovu wa adabu. Gunia zima la mchele mpya nikampelekea kwa baiskeli, mwenyewe, natweta. Tuliporudi siku aliyotuambia, mama wa chai akatuonea huruma. "Yule? Yule kishoka yule! Uwakili ataupatia wapi? Hata hapa anakunywa chai ya kukopa." Weee! Ukaangalia pembeni ili nisione unacheka. Niliona, na kwa kweli nilifurahi, maana tangu urudi nyumbani nilikuwa sijaona meno yako.

Halafu tukaenda kwa wakili wa kweli, mwenye ofisi na feni. Yule bwana sina ubaya naye. Alitusikiliza mpaka mwisho, akataja bei yake. Tungeuza ng'ombe na bado tungebaki tunamtazama. Akaliona hilo usoni kwangu, akasema, "Mzee, shauri hili linaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, na siyo lazima muwe na mimi. Tafuteni msaidizi wa kisheria katani kwenu, hao hawatozi." Nilitoka pale nimenuna. Nilidhani ametufukuza kwa adabu. Kumbe siku ile nzima hakuna aliyetupa kitu cha maana kama yeye.

Nikamsimulia mama yako. "Msaidizi wa kisheria? Si Rehema! Ninaimba naye sauti ya pili kila Jumapili."

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Mwanangu, nimeoa mwanamke huyu miaka yote hii na bado nakwenda kuulizia mabandani vitu vilivyomo jikoni kwangu.

Rehema alitukalisha chini, akaanza kwa kusema asichoweza. "Mimi si wakili. Sitasimama mahakamani badala yenu. Nitawaonyesha njia, mtatembea wenyewe." Nikampenda hapo hapo, maana mtu wa suti alikuwa anaweza kila kitu. Akakuuliza wewe, nikajibu mimi. Akakuuliza tena, nikajibu tena. Akanigeukia, "Baba, shikamoo." Nikasema, "Marahaba." Akasema, "Nilikuwa naongea na Skola."

Alikuuliza mlichuma nini mkiwa pamoja, na wewe ulifanya nini kukipata. Ukasema, "Yeye ndiye mfanyakazi, yuko kwenye kampuni ya miwa. Mimi nilikuwa nakaa nyumbani." Akauliza habari ya shamba la mpunga. Ukasema hilo mlilipata pamoja, na kila masika ulikuwa unahamia huko na mtoto. Unafunga nyumba ya Sanje, unavuka mto na masufuria yako, unaishi kwenye kibanda mpaka mavuno. Unaamka kabla ya ndege, unashinda juu ya dungu ukirusha madonge ya udongo na kupiga makelele wasimalize mpunga. Uliyasema hayo yote kama mtu anayesimulia kwamba alifagia uwanja. Nyumba ya Sanje ilijengwa kwa mpunga ule, na matofali uliyachoma wewe. Hilo nalo ulilitaja mwishoni, baada ya kuulizwa mara mbili.

Rehema akaweka kalamu chini. "Dada, sheria inahesabu jasho lako, la nyumbani na la shambani. Lakini hakimu hakuwepo bondeni. Nani alikuona?"

Hapo ndipo mimi nilipaswa kunyanyua mkono. Nilikuwa najikuna goti.

Maana watu wa Sanje kila masika walikuwa wanaiona nyumba yako imefungwa, wakadhani umekwenda kwenu kustarehe. Na mimi niliwasaidia kudhani. Kilabuni, baada ya Misa, harusini, msibani, popote nilipopata wa kunisikiliza: "Skola wangu? Yule hashiki jembe! Mumewe analeta kila kitu. Anakula, anapaka mafuta, analala." Kuna mwaka niliyasema hayo nikiwa na malengelenge mikononi, nimetoka jana yake kukusaidia kuvuna.

Nimejiuliza sana kwa nini. Wenzangu wana watoto wa kiume wenye nyumba na pikipiki, mimi Mungu alinipa wewe mmoja. Lakini hiyo siyo yote. Mimi nilizaliwa nikalikuta jembe linanisubiri, na baba yangu hivyo hivyo, na babu hivyo hivyo. Nilitaka mtu mmoja tu katika ukoo wetu awe ameponyoka. Kwa kuwa hukuponyoka kweli, nikakuponyosha kwa mdomo. Nilikupenda vibaya, mwanangu. Nilipenda yule binti wa kilabuni anayepaka mafuta, na wewe uliyekuwa juani nikakuacha bila shahidi.

Baraza la usuluhishi lilikuwa pale katani, na waliokuja kusikiliza wengi walikuwa watu wangu wa kilabuni. Baba Asumta aliposimama hakupayuka, alisema kwa adabu kabisa. "Waheshimiwa, msinisikilize mimi. Muulizeni baba mkwe. Siku zote anasema Skola hashiki jembe. Na wahenga walisema, lisemwalo lipo." Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mwenyekiti akaniuliza, "Mzee, ni kweli ulisema?"

Nikasema, "Nilisema." Nikakaa.

Ningeweza kuongeza maneno matatu tu: lakini si kweli. Hayakutoka. Niliwaona wale wazee wenzangu wamenikodolea macho, nikaona heri nionekane baba wa binti mvivu kuliko mzee muongo. Wewe uliinama ukawa unamfunga Asumta kanga ambayo ilikuwa imeshafungwa. Wakashindwa kuwapatanisha, wakaandika kwamba wameshindwa, muende mahakamani. Njiani ulitangulia mbele, mimi nyuma. Nilitamani unitukane. Tulipofika ukageuka, ukauliza, "Baba, utakunywa chai au uji?" Skola, ule uji sikuumeza.

Rehema hakuwa na huruma kama yako. Alikuja hapa hapa, akaniuliza, "Baba, uliyoyasema kilabuni ni kweli?"

"Si kweli."

"Basi mahakamani utasema hivyo."

"Nisimame mbele za watu niseme mimi muongo? Na nywele hizi?"

"Usiposema, Skola anaondoka na begi alilokuja nalo. Chagua." Akamuaga mama yako, mimi akanipa mgongo.

Nikatafuta pa kujificha, nikajificha kanisani. Nilikwenda kwa katekista nikamwambia ndoa ya Kikatoliki haivunjwi, kwa hiyo pengine ni dhambi hata mimi kwenda kushuhudia. Nilikuwa natafuta ruhusa ya kunyamaza. Katekista ananijua tangu ujana. Akasema mambo ya sakramenti yana watu wake, nyumba na shamba vina hakimu wake, na kama Skola haolewi na mtu mwingine, Komunyo yake hakuna wa kumzuia. Kisha akaniuliza, "Na kusema uongo kilabuni, hiyo umeungama?" Hata huko sikupata pa kukaa.

Kilichonitoa ni kitu kidogo. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji. Mama yako ameanika mpunga kwenye turubai, kuku wakaja. Asumta akapanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akaokota donge la udongo, akatupa, halafu akapiga ukelele. Siyo ukelele wa watoto wa mjini wa kufukuza kuku. Ulikuwa ule wa dunguni, mrefu, unaopanda na kushuka, unaofika mpaka shamba la jirani. Nikamuuliza, "Nani kakufundisha?" Akanijibu kama vile mimi ni mjinga, "Mama, shambani." Nikafikiri, mtoto huyu hata kusema vizuri bado, ameshatoa ushahidi, na mimi mzee mzima nimekaa na ushahidi wangu tumboni.

Siku ya mahakama nilivaa lile shati la Pasaka. Niliapa, nikasema, "Mheshimiwa, mimi nimekuwa nikitangaza kwamba binti yangu hashiki jembe. Niliwadanganya watu." Hakimu, yule mama, akaacha kuandika. "Kwa nini uliwadanganya?"

"Majivuno, mheshimiwa."

Watu wakacheka. Wacheke tu. Nikaendelea. Nikaeleza nilivyokukuta mwaka wa kwanza ukifyeka matete peke yako, una mimba na mumeo yuko zamu. Nikaeleza kibanda ulichojenga, dungu ulilopanda na Asumta mgongoni, tanuri la matofali ulilolilinda usiku na mchana lisizime. Nikataja mpaka wa shamba, mti kwa mti, maana nimeutembea na wewe. Kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kuona ajabu. Nilikuwa na mtoto hodari namna hii, na nilimficha kwa kudhani ndiyo namna ya kumsifu.

Baba Asumta alipopewa nafasi ya kuniuliza, aliuliza swali zuri, lazima nikiri. "Baba, sasa tukuamini lini? Ulipokuwa unasema kilabuni, au leo unapoapa hapa?"

Wewe ukaangalia chini, nikajua unaogopa kwa ajili yangu na siyo kwa ajili ya kesi. Nikamwambia, "Mwanangu, kule nilikuwa najisifu. Hapa najiaibisha. Umewahi kuona mtu anadanganya ili aaibike?"

Akasema hana swali zaidi. Baada yangu akaja Masanja, yule Msukuma jirani yenu wa shambani, akasema kwa kifupi chake, "Huyu mama nimemkuta pale kila mwaka. Huyu bwana nimemwona siku ya kupakia magunia." Akakaa. Kama ningekuwa na ufupi ule, tusingefika huko.

Hukushinda vyote. Nyumba ya Sanje ilibaki kwake, na nilikuona ulivyolishika lile jiko ulilolifinyanga mwenyewe siku tulipokwenda kuchukua vyombo. Nililia, nilijifanya natafuta kamba kwenye kenta. Lakini umepata nusu ya shamba, umepata kiwanja chenu cha Kisawasawa unakohamia kesho, na vyumba vyake viwili ambavyo havijapigwa lipu, Asumta yuko kwako, na baba yake ameamriwa matunzo. Na analeta, tumtendee haki. Yule kijana si shetani. Alikuwa mume mbaya, na mimi kwa mdomo wangu nilimsaidia kuwa mbaya zaidi, maana mwanaume akiambiwa na mkwewe mwenyewe kwamba analisha mke wake bure, ataacha kuamini? Asumta akiuliza habari zake, mjibu kwa upole. Ukishindwa upole, mjibu kwa kifupi cha Masanja.

Wanawake watakuja kwako, utaona. Watakuja kuomba chumvi, kumbe wanataka kuuliza ulifanyaje. Wengine watakwambia ulikuwa na bahati. Usikubali neno bahati, litawarudisha nyumbani mikono mitupu. Waambie wamuulize kitambulisho kila mwenye suti. Waambie kwenye kata kuna watu wa kazi hiyo, na Mahakama ya Mwanzo haihitaji Kiingereza. Waambie mahari ni mambo ya wazee, yasiwafumbe macho. Na uwaulize, kabla ya yote, nani anawaona wakifanya kazi. Wakisema hakuna, waambie waanze leo kualika macho.

Mimi kilabuni bado nakwenda, sitakudanganya tena kwenye hili. Wananitania, wananiita Shahidi. "Shahidi, leo unaapa au unakunywa?" Mdomo uliponza kichwa, wanasema, na wamesema kweli. Lakini juzi mzee mmoja, sitamtaja, alinisogelea tukiwa wawili, akasema, "Binti yangu pia anahamia shamba kila mwaka, peke yake. Huyo Rehema anapatikana siku gani?" Nikampeleka mwenyewe.

Naona giza linaingia na nasikia sauti ya Asumta barabarani, kwa hiyo nafunga. Sina wosia mkubwa. Siku ya harusi yako nilikupa wosia mrefu, watu wakapiga vigelegele, na sikumbuki kwamba lilikuwemo neno moja lililokufaa. Leo nina ombi tu. Kesho kenta itapita sokoni, na watu wetu unawajua, hawaachi mtu akapita na godoro bila kumuuliza. Watasimamisha gari, watasema, "Skola, unahamia kwa nani tena?" Watanitazama mimi nijibu, kama walivyozoea. Mimi nitakuwa nimekaa juu ya magunia, nimefunga mdomo, hata wakinitekenya. Jibu wewe, mama yangu, kwa sauti, wakusikie mpaka upande wa pili wa barabara:

"Nahamia kwangu."

Baba yako